Kutafuta Nafasi ya Utafiti wa Baada ya Uzamivu Oxford: Anza na Anayelipa

Nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu ni ajira ya muda maalumu, mara nyingi kati ya miaka miwili na mitano, anayopewa mtu aliyekwisha kutetea tasnifu yake ili afanye utafiti na kuchapisha bila mzigo mkubwa wa kufundisha. Si masomo. Hakuna ada, hakuna mtihani, na mwishoni hakuna cheti. Kuna mshahara, na kuna kazi zinazobeba jina la mtafiti mwenyewe. Huko Ulaya na Marekani hatua hii imekuwa karibu ya lazima kwa anayeutaka uhadhiri, hasa katika sayansi. Afrika Mashariki mambo yamekwenda njia nyingine: mtu huajiriwa kwanza kuwa mhadhiri msaidizi, hupewa ruhusa ya kwenda masomoni, na akirudi na uzamivu wake hukuta madarasa ya wanafunzi mamia, karatasi za kusahihisha na vikao vya idara visivyokwisha. Tasnifu iliyomla miaka yake mizuri hubaki maktabani bila kuzaa makala hata moja. Kwa hiyo miaka miwili au mitatu ya kutafiti kwa utulivu ina thamani kubwa sana kwa msomi wa Dodoma au Eldoret, na inaumiza kuona wengi wanaikosa kwa sababu tu hawakuelewa fedha za nafasi hizi zinatoka wapi.

Anayetafuta kwa kuandika jina la chuo na neno «ufadhili» kwenye intaneti hupata orodha iliyochanganya udhamini wa shahada ya kwanza, kozi za wiki mbili na matangazo yaliyokwisha muda. Anayeuliza kwanza nani atalipa mshahara hufika haraka zaidi, kwa kuwa kila mlipaji ana msimu wake wa kupokea maombi, masharti yake na watu wake wa kuamua. Makala hii inachukua Chuo Kikuu cha Oxford kuwa mfano. Kinaajiri watafiti kwa maelfu, utaratibu wake unafanana kwa sehemu kubwa na ule wa Cambridge, na uhusiano wake na Pwani yetu ni wa kweli: Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alipata uzamivu wake hapo mwaka 1966, na huko Kilifi kuna kituo cha utafiti wa tiba ambacho Oxford ni mbia wake tangu mwanzo.

Jambo moja liondolewe mapema. Udhamini wa Rhodes, ambao kwa wengi ndio jina la kwanza linalokuja Oxford inapotajwa, ni wa wanafunzi wanaokwenda kusomea shahada. Mwenye uzamivu tayari haumhusu.

Chuo kimoja, waajiri wengi

Oxford haina ofisi moja ya kugawa nafasi za utafiti, na hili ndilo linalowachanganya waombaji waliozoea vyuo vyenye kurugenzi moja ya masomo ya uzamili na uzamivu. Upande mmoja kuna chuo chenyewe, kilichogawanywa katika vitengo vinne vikuu: sayansi za tiba, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote; hisabati, fizikia na sayansi za uhai; sayansi za jamii; na taaluma za insia, yaani historia, lugha, falsafa na jamaa zake. Chini ya vitengo hivyo zipo idara, na idara ndizo zinazoajiri watafiti walio wengi. Upande wa pili ziko koleji, zaidi ya 30, na karibu kila koleji ni taasisi huru kisheria, yenye mali yake, mkuu wake, na uwezo wa kuchagua watafiti wake bila kuuliza idara. Tangazo la Merton College halimhusu mkuu wa idara ya historia, na idara ya historia ikiajiri mtu haimfanyi awe mwanachama wa koleji yoyote.

Kutokana na mgawanyo huo, fedha za kumlipa mtafiti wa baada ya uzamivu hutoka katika mifuko mitatu: ruzuku ambayo profesa amekwisha kuipata kwa mradi wake, hazina ya koleji, na mfadhili wa nje anayemlipa mtafiti moja kwa moja kwa wazo lake mwenyewe.

Ruzuku ya profesa

Mfuko wa kwanza ndio wenye nafasi nyingi, na waombaji wetu wengi hawautazami kabisa kwa kuwa hauitwi ufadhili. Unaitwa kazi. Profesa ameshinda ruzuku ya miaka minne kuchunguza, tuseme, usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya dawa, na katika bajeti yake kuna mshahara wa watafiti wawili. Idara hutangaza nafasi hizo katika ukurasa wa ajira wa chuo na katika jobs.ac.uk, tovuti ambako vyuo vya Uingereza hutangaza kazi zao za kitaaluma. Cheo huandikwa Postdoctoral Research Assistant au Postdoctoral Researcher, na katika ngazi za mishahara za Oxford kwa kawaida ni daraja la 7, lililokuwa takriban pauni 38,000 hadi 47,000 kwa mwaka katika matangazo ya 2024. Daraja la 6 ni la msaidizi wa utafiti asiyehitaji uzamivu, na la 8 ni la mwenye uzoefu zaidi. Namba hiyo moja humwambia msomaji kama tangazo linamfaa kabla hajasoma sentensi ya pili.

Tangazo la namna hii linastahili kusomwa polepole. Pamoja nalo huwa kuna hati ya kurasa kadhaa inayoeleza kazi, na ndani yake kuna sehemu ya vigezo vya uteuzi, vilivyogawanywa kuwa vya lazima na vya nyongeza. Jopo la Oxford huchuja maombi kwa kulinganisha barua ya mwombaji na vigezo hivyo, kimoja baada ya kingine. Kigezo kikisema «uzoefu wa kuchambua data za mpangilio wa jeni», barua iseme ni data gani, za sampuli ngapi, kwa programu ipi, na matokeo yalichapishwa wapi. Mwombaji anayeandika barua nzuri ya jumla kuhusu mapenzi yake kwa sayansi, bila kugusa vigezo, hukatwa katika hatua ya kwanza hata kama kazi yake ni bora kuliko ya walioitwa kwenye usaili. Baadhi ya waombaji hupanga barua yao kwa kufuata mpangilio ule ule wa vigezo, kigezo na jibu lake. Haipendezi kama insha, lakini mtu wa jopo mwenye maombi mengi mezani anashukuru.

Kitu kingine kidogo kinachowagharimu watu: maombi mengi ya Oxford hufungwa saa sita kamili mchana kwa saa za Uingereza, wala si usiku wa manane. Kwetu hiyo ni saa tisa alasiri wakati wa baridi yao. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakisogeza saa zao mbele, inakuwa saa nane mchana. Mfumo hujifunga wenyewe na hakuna wa kumpigia simu.

Kasoro ya mfuko huu ni kwamba mtafiti anafanya kazi iliyobuniwa na mwingine. Kwa mtu aliyetoka tu kwenye uzamivu hilo si baya. Anajifunza mbinu mpya, anachapisha na watu wenye uzoefu, na anaona jinsi ruzuku kubwa inavyoendeshwa. Ila mkataba unakwisha siku ruzuku inapokwisha, na mwaka wa mwisho wa mradi huwa mwaka wa kutafuta kazi nyingine.

Hazina ya koleji

Mfuko wa pili ni mdogo kwa idadi lakini una sifa kubwa. Koleji za Oxford na Cambridge huchagua watafiti vijana na kuwapa miaka mitatu au minne ya kufuata swali lao wenyewe. Nafasi hizo huitwa Junior Research Fellowship, na kwa ufupi kila mtu husema JRF. Mwaka 1935 King's College ya Cambridge ilimpa Alan Turing nafasi ya namna hii akiwa na miaka 22, na ni akiwa hapo alipoandika kazi yake ya 1936 iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta. Stephen Hawking aliipata Gonville and Caius mwaka 1965. Kwa upande wa Oxford, Somerville, iliyokuwa koleji ya wanawake, ilimpa Dorothy Hodgkin nafasi ya utafiti mwaka 1933. Aliendelea na kazi yake ya kuchunguza maumbo ya molekuli kwa eksirei hadi akatunukiwa Nobeli ya kemia mwaka 1964, na habari hiyo ilimkuta Ghana, ambako mumewe, mwanahistoria wa Afrika, alikuwa anaongoza taasisi ya masomo ya Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Ghana.

Matangazo ya JRF hutoka kwa wingi kuanzia mwisho wa Agosti hadi Januari, kwa kazi itakayoanza Oktoba inayofuata. Kila koleji hutangaza kivyake, na mara nyingi hubadilisha fani kila mwaka: mwaka huu sheria na hisabati, mwakani historia na biolojia. Anayezitaka hana budi kupitia kurasa za koleji moja moja, pamoja na Gazette, jarida rasmi la chuo linalotoka tangu 1870. All Souls, koleji isiyo na wanafunzi wa shahada ya kwanza, hutoa nafasi za baada ya uzamivu za miaka mitano, ambazo ni ndefu kuliko kawaida na hugombewa vikali.

Hapa pana mtego ambao lazima utajwe waziwazi. Baadhi ya JRF hazina mshahara. Koleji hutoa uanachama, haki ya kula mezani pamoja na wanataaluma wake, kiasi kidogo cha fedha za vitabu na safari, na heshima ya jina, lakini mshahara mtafiti awe anaupata kwingine. Zimewekwa kwa ajili ya watu walioajiriwa tayari na idara ambao hawana koleji. Tangazo hutofautisha kwa neno moja tu, stipendiary kwa yenye mshahara na non-stipendiary kwa isiyo nao. Mwombaji wa Bujumbura anayeshinda ya pili bila kuwa na kazi Oxford ameshinda kitu asichoweza kukitumia.

Ushindani wa JRF ni mkali mno, maombi mamia kwa nafasi moja au mbili, na majopo yake huwa na watu wa fani mchanganyiko. Andiko linasomwa na mwanafizikia, mwanasheria na mtaalamu wa Kigiriki cha kale. Kwa maoni yangu hapa ndipo wasomi wetu wengi wanapopoteza nafasi. Tumefundishwa kuandika kwa ajili ya watahini wa fani yetu, kwa sura ya nadharia inayoanza na majina kumi, wakati jopo hili linataka kuelewa ndani ya ukurasa mmoja ni jambo gani halijulikani na kwa nini mtu huyu ndiye atakayelijua. Andiko la JRF lisomwe kwanza na daktari, mhandisi au mwalimu wa sekondari asiyejua chochote kuhusu mada. Akiishia njiani, liandikwe upya.

Mfadhili wa nje

Mfuko wa tatu ndio unaompa mtafiti uhuru mkubwa zaidi, na ndio unaofaa zaidi kwa mtu anayeomba kutoka nje ya Uingereza. Mfadhili hana chuo. Anampa mtafiti fedha, na mtafiti anachagua chuo kitakachompokea, ilimradi chuo hicho kikubali.

Mpango wenye mlango mpana kuliko yote ni wa Umoja wa Ulaya, unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie. Uingereza ilirudi rasmi katika mpango wa utafiti wa Umoja huo tarehe 1 Januari 2024, kwa hiyo Oxford inaweza tena kuwa mwenyeji. Uraia hauangaliwi, na Mtanzania, Mrundi au Mkongomani anaomba kwa masharti yale yale ya Mjerumani. Linaloangaliwa ni uhamaji: mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya siku ya mwisho ya maombi. Sharti hilo linalowabana walioko Uingereza tayari linampa nafuu aliye Morogoro. Pia asiwe amepitisha miaka minane ya uzoefu wa utafiti tangu apate uzamivu. Andiko hupimwa kwa alama 100: ubora wa sayansi hubeba nusu, athari 30, na utekelezaji 20. Dirisha hufungwa Septemba, saa kumi na moja jioni kwa saa za Brussels, ambayo kwa msimu huo ni saa kumi na mbili jioni Nairobi. Katika awamu ya 2024 yaliingia maombi 10,360 na yakafadhiliwa 1,696. Katika awamu hiyo ilikuwa takriban mtu mmoja kati ya sita, uwiano mzuri kuliko wa JRF. Masharti hurekebishwa kila awamu, kwa hiyo mwongozo wa mwaka husika ndio wa kufuata.

Kwa walio nje ya Uingereza wasio raia wake kuna pia nafasi za kimataifa za Royal Society kwa sayansi asilia na za British Academy kwa insia na sayansi za jamii, zilizoanzishwa mwaka 2008 chini ya jina la Newton. Leverhulme na ile nafasi ya kawaida ya British Academy ya miaka mitatu zinajulikana zaidi, lakini zote mbili zinadai mwombaji awe na uhusiano uliokwishajengeka na Uingereza, kama vile uzamivu wa huko. Aliyesomea Dar es Salaam au Makerere atumie nguvu zake kwingine.

Ni lazima ieleweke kwamba tarehe ya mwisho ya mfadhili si tarehe ya mwisho ya mwombaji. Pale ambapo mfadhili huweka kikomo cha maombi kutoka kila chuo, au pale ambapo chuo kinatakiwa kuchangia gharama, vitengo vya Oxford hufanya mchujo wao wa ndani wiki au hata miezi kabla. Mifumo ya wafadhili nayo haipokei ombi mpaka mwenyeji na ofisi ya utafiti ya chuo waliidhinishe. Mtu anayemwandikia profesa siku kumi kabla ya dirisha kufungwa anajibiwa kwa upole kwamba muda umepita, na kwa kweli umepita.

Kumpata mwenyeji

Mwenyeji ni mwanataaluma wa Oxford anayekubali kwamba kazi hii ifanyike chini ya idara yake. Hamlipi mtafiti, lakini bila yeye hakuna ombi. Kumpata ni kazi ya baruapepe moja iliyoandikwa vizuri, miezi minne hadi sita kabla.

Nimesoma nyingi za barua hizi, za wanafunzi na za wenzangu, na zilizoshindwa zinafanana. Zinaanza kwa «Profesa mheshimiwa sana», zinaeleza historia ya elimu ya mwandishi tangu sekondari, zinabeba wasifu wa kurasa tisa, na zinaishia kwa kuomba «nafasi yoyote iliyopo». Heshima hiyo ni yetu na haina ubaya nyumbani, ila mpokeaji anabaki hajui anaombwa nini. Barua inayofanya kazi ina aya tatu. Ya kwanza inasema mwandishi ni nani kwa sentensi moja na inataja mpango anaotaka kuuomba pamoja na tarehe yake. Ya pili inaeleza swali la utafiti na jinsi linavyokutana na kazi fulani ya profesa, kazi ambayo mwandishi ameisoma kweli. Ya tatu inaomba jambo dogo linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana: je, uko tayari kusoma muhtasari wa ukurasa mmoja?

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Chukua mtafiti wa Zanzibar anayechunguza maisha ya watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, waliofika Unguja mwaka 1864. Hati za misheni hiyo ziko Bodleian, maktaba kuu ya Oxford. Sababu ya kwenda Oxford badala ya chuo kingine imejieleza yenyewe, na mtafiti analeta kile ambacho mwanahistoria wa Oxford hana: Kiswahili cha ndani, uwezo wa kusoma barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na familia za Mbweni zinazokumbuka. Mwanasayansi wa mazingira mwenye vipimo vya miaka sita vya maji ya Ziwa Victoria naye ana mzigo wa aina hiyo. Tusiingie mlango huu kama waomba msaada. Data, lugha na uzoefu wa mahali ni mtaji, na uandikwe hivyo.

Mtaji huo una sheria zake. Data zilizokusanywa kwa ruzuku ya mtu mwingine si za kuahidi bila ruhusa yake. Utafiti utakaorudi kufanyika nyumbani mtafiti akiwa ameajiriwa na taasisi ya nje utahitaji vibali: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, na kwa masuala ya afya kibali cha maadili juu yake. Andiko linalotaja vibali hivyo na muda wake huonekana mara moja kuwa la mtu anayejua kazi.

Miaka inayohesabiwa na barua za wadhamini

Karibu kila mpango huhesabu miaka tangu uzamivu, na tarehe ya kuanzia kuhesabu hutofautiana. Wengine huanza siku ya kutetea tasnifu, wengine siku shahada ilipotolewa rasmi. Katika vyuo vyetu kati ya siku hizo mbili panaweza kupita mwaka mzima, kwa kusubiri masahihisho, seneti na mahafali. Asiye na cheti bado aombe barua ya kurugenzi ya masomo ya uzamili inayothibitisha kwamba ametimiza masharti yote, na tarehe ya utetezi iwemo. Likizo ya uzazi, ugonjwa mrefu au kumlea mzazi mgonjwa hutolewa katika hesabu, na sehemu ya kuyaeleza ipo katika fomu. Wanawake wengi wa kwetu huiacha tupu kwa kuona kwamba ni kulalamika. Iko pale ili ijazwe.

Wadhamini huwa wawili au watatu, na barua zao huzituma wenyewe moja kwa moja kwenye mfumo. Msimamizi wa uzamivu hawezi kukosekana. Wa pili afadhali awe mtu wa nje ya chuo ulichosomea, mathalani mtahini wa nje, kwa kuwa alisoma tasnifu nzima na hana sababu ya kupendelea. Wapewe mwezi mzima, andiko lenyewe, na mambo mawili matatu ambayo ingefaa wayataje. Barua inayosema mtu ni mchapakazi na mwenye nidhamu haisaidii kitu. Inayosema sura ya nne ya tasnifu yake ilibadilisha jinsi tunavyoelewa jambo fulani, hiyo husomwa mara mbili.

Gharama kabla ya mshahara wa kwanza

Mshindi wa nafasi inayotambuliwa, kama ya Marie Skłodowska-Curie au ya Royal Society, anaweza kuomba viza ya vipaji iitwayo Global Talent, ambayo haimfungi kwa mwajiri mmoja. Aliyeajiriwa kwa ruzuku ya profesa mara nyingi hupewa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, inayofungamana na mwajiri. Baadhi ya fani za sayansi na uhandisi hudai kibali cha usalama cha ATAS, na waombaji wa nchi zetu hupimwa kifua kikuu kabla ya kupewa viza ya zaidi ya miezi sita.

Kinachoshtua ni ada ya huduma za afya inayolipwa yote kwa pamoja na ombi la viza. Tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Mtafiti anayekwenda miaka mitatu na mwenzi na watoto wawili anatakiwa kuwa na pauni 10,866 kabla hajapanda ndege, bila ada ya viza yenyewe, wala amana ya nyumba katika mji ambao pango lake ni ghali hata kwa Waingereza. Swali la nani atalipa gharama hizo liulizwe idarani mara tu barua ya ajira inapofika, kabla ya kusaini. Baadhi ya wafadhili huzilipa, na idara nyingine hurejesha sehemu au kukopesha. Wasioulizwa hawasemi.

Kilifi

Utafiti wa Oxford haufanyiki Oxford pekee. Idara yake ya tiba ya Nuffield inashirikiana na vituo vya kudumu vya utafiti Bangkok, Ho Chi Minh na Kilifi. Kituo cha Kilifi kilianzishwa mwaka 1989 kwa ubia wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, shirika la Wellcome la Uingereza, na Oxford. Chanjo ya malaria ya R21, iliyobuniwa katika taasisi ya Jenner ya Oxford na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ilijaribiwa katika awamu yake ya tatu kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Watafiti wa baada ya uzamivu wa Kilifi hufanya kazi bega kwa bega na wa Oxford huku wagonjwa, maabara na jamii vikiwa hatua chache kutoka ofisini. Kwa mtu wa sayansi za afya naona hii ndiyo njia ya kwanza ya kutazamwa, na inasikitisha kwamba vijana wa Pwani yenyewe huijua baada ya kuitafuta Ulaya.

Msomi asiyetaka kuiacha kazi yake ana njia mbili nyingine. Mpango wa Africa Oxford, ulioanzishwa mwaka 2016 na kufahamika kwa jina la AfOx, huwapeleka wanataaluma wa vyuo vya Afrika Oxford kwa ziara fupi, wakibaki waajiriwa wa nyumbani. Hautoi miaka mitatu ya utafiti, lakini ndio njia nzuri kuliko zote ya kumpata mwenyeji wa maombi yatakayofuata. Ya pili ni ruzuku ya Wellcome kwa watafiti wanaoanza, Early-Career Award, ambayo kwa kawaida ni ya miaka mitano na hutoa mshahara pamoja na hadi pauni 400,000 za gharama za utafiti. Inaweza kushikiliwa katika chuo cha nchi yenye kipato cha chini au cha kati, zikiwemo nchi zote za Afrika Mashariki, na mtafiti wa Oxford akaingia kama mshirika. Katika mpangilio huu chuo cha nyumbani ndicho mwenyeji, na Wellcome hudai mtafiti atumie sehemu kubwa ya muda wake katika utafiti. Kwa hiyo barua ya makamu mkuu wa chuo iseme kwa maandishi ni masomo yapi mtafiti ataacha kufundisha, nani atayachukua, na kuanzia muhula gani. Ianze kuombwa siku ile ile andiko linapoanza kuandikwa.